Mkono baada ya upasuaji: mwongozo kamili wa kuulea mpaka urudi kazini

Jumamosi moja asubuhi, wiki ya tatu tangu nishonwe mishipa ya vidole viwili vya mkono wa kushoto, nilivua splinti yangu, kile kibao cha kuutuliza mkono, nikaiweka juu ya pipa la maji, nikakamua nguo ya mtoto. Nguo moja tu. Kidonda kilikuwa kimefunga, nyuzi zilishatolewa, maumivu yalikwisha, nikajiona mzima. Ndani ya kiganja nikasikia kitu kama uzi wa cherehani unavyokatika: tap. Hakikuniuma sana. Lakini kidole cha pete kilibaki kimenyooka, na kila nilipotaka kukikunja kilikuwa kama cha mtu mwingine. Siku nne baadaye nilikuwa tena chumba cha upasuaji.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Nilikatwa na glasi iliyonipasukia mkononi nikiiosha. Zahanati ya kwanza niliyokimbilia walinishona ngozi wakaniruhusu. Hakuna aliyeniambia nijaribu kukunja ncha za vidole. Kwa hiyo kabla ya yote: ukijikata kiganja au kidole kwa kioo, panga au bati, jaribu kukunja na kunyoosha kila kidole mpaka ncha, kisha gusa pande zote mbili za kidole uone kama unahisi. Kidole kisichokunja au kisichohisi hakiponi kwa kushonwa ngozi peke yake. Dai rufaa siku hiyohiyo.

Mkono uliopasuliwa hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni yangu: kuutumia mapema kwa sababu hauumi tena. Ya pili nimeiona kliniki mara nyingi zaidi: mtu anauogopa mkono wake, anaubeba shingoni miezi miwili, siku anayoufungua umekakamaa kama ubao. Kazi yote ya miezi mitatu ya mwanzo ni kujua leo unatakiwa uusogeze kiasi gani na uuache kiasi gani. Jibu linategemea ulichofanyiwa, na daktari aliyekupasua ndiye aliyekiona kwa macho. Akikwambia tofauti na nilivyoandika hapa, mfuate yeye.

Neno moja la kuwekana sawa. Nikisema kano, ni zile kamba nyeupe ngumu zinazovuta vidole, ambazo sisi mtaani tunaziita mishipa. Mishipa ya fahamu, yaani neva, ni kitu kingine, nayo hupona kwa mwendo wake.

Kabla hujatoka wodini

Usiondoke na karatasi ya dawa tu. Muulize daktari au muuguzi, na ndugu aliyekufuata aandike majibu:

Nimefanyiwa nini hasa? Kilichoshonwa ni ngozi, kano, neva, au mfupa umewekewa waya? Kiungo kipi nianze kukisogeza leo, na kipi nisikiguse? Splinti au hogo hili (plasta ngumu) ni la mpaka lini, na navua nikioga au nikilala? Kidonda kitafunguliwa lini mara ya kwanza, na wapi? Fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba, naanza siku gani?

Hilo swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua mkono utakuwaje mwakani. Aliyeshonwa kano huanzishiwa mazoezi ndani ya siku chache za mwanzo, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano, mkono ukiwa bado ndani ya splinti. Ukiwa umeshonwa kano halafu ukaambiwa tu "njoo baada ya wiki sita", uliza tena kwa heshima: "Daktari, na mazoezi nayaanza lini?" Hapa Dar huduma ya fiziotherapia ipo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, ipo hospitali ya CCBRT, Msasani, na ipo kwenye hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke na Mwananyamala. Kama hospitali iliyokupasua iko mbali na kwako, omba barua ya kufanyia mazoezi karibu. Safari ya Mbagala hadi Muhimbili mara mbili kwa wiki, kwa nauli na foleni, imewakatisha tamaa watu wengi.

Piga picha kwa simu fomu ya kuruhusiwa, na filamu ya eksirei usiikunje. Pete zote zivuliwe, hata kama mkono una nafuu kidogo, na zisirudi mpaka uvimbe umalizike kabisa.

Siku za mwanzo: mkono juu ya moyo

Kazi kubwa ya siku tatu hadi tano za mwanzo ni kushusha uvimbe. Watu hudhani uvimbe ni maji tu yatakayokauka yenyewe. Majimaji yale yana protini, na yakikaa wiki nzima kwenye viungo vidogo vya vidole hugeuka kama gundi: ngozi, kano na viungo hushikana. Kila siku uliyouacha mkono ukining'inia utailipa kwa wiki za mazoezi baadaye.

Juu maana yake juu ya moyo. Ukikaa kwenye kochi, panga mito miwili pembeni, kiwiko kiwe juu ya mto na vidole vitazame dari. Ukilala chali, mkono ukae juu ya mito au juu ya kifua chako. Ukitembea, peleka kiganja kwenye bega la upande wa pili, kama mtu anayeweka vizuri ukingo wa mtandio.

Kanga ya kufungia mkono shingoni ina kazi yake, lakini watu wanaifunga vibaya. Mkono unaachwa unalala tumboni, chini ya kiwiko, na uvimbe unashukia vidoleni. Ifunge fupi, mpaka ncha za vidole zikaribie mfupa wa bega la pili. Na uivae barabarani tu, ili watu wakuone na wasikugonge. Nyumbani ivue. Mara tatu kwa siku inua mkono wote juu ya kichwa mara kumi, kunja na kunyoosha kiwiko mara kumi. Nimeona mtu aliyepasuliwa kidole kimoja akabaki na bega lisilopanda kwa sababu ya kanga.

Vidole ambavyo havikufungwa, na ambavyo daktari hajavikataza, visogezwe kila saa tangu siku ya kwanza. Kukunja na kunyoosha huko husukuma majimaji yarudi juu. Mimi nilitumia taarifa ya habari ya redio kama saa yangu. Adhana nayo inafaa, ingawa mara tano kwa siku ni chache.

Kama ulichomwa sindano ya ganzi ya mkono mzima, mkono unaweza kubaki umelala kwa saa nyingi, wakati mwingine mpaka siku ya pili. Usitishike. Ila usikae nao karibu na jiko, kwa sababu utaungua bila kujua, na meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri maumivu yafike kileleni, kuyashusha ni kazi.

Dawa, bila kubahatisha

Mtu mzima mwenye afya ya ini anaweza kumeza parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake; ukizichanganya unaweza kuzidisha bila kujua. Diklofenaki na aibuprofeni ni jamii moja, usizimeze pamoja, na kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo, pumu au ujauzito, usiziguse bila kuuliza. Antibiotiki ukiandikiwa, maliza dozi. Hukuandikiwa, usinunue dirishani.

Sigara ni habari fupi na ngumu: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kidole kilichoshonwa kinaishi kwa mishipa hiyo. Acha, angalau mpaka upone. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kipindi hiki, maana ikipanda kidonda hukawia kufunga na usaha huja haraka.

Ukiona haya, usisubiri asubuhi

Maumivu yanayozidi kila saa ingawa umemeza dawa na mkono uko juu, hasa yakiwa makali mtu akikunyooshea vidole, huku vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au vimepiga bluu, au vimekufa ganzi: hogo au bandeji inabana, au kuna shinikizo ndani ya misuli. Hiyo ni dharura ya saa, siyo ya siku. Nenda hospitali usiku huohuo. Wenye ngozi nyeusi kama yetu tuangalie kucha na upande wa kiganja, ndipo rangi inapoonekana. Bonyeza ukucha uachie: damu irudi ndani ya sekunde mbili hivi.

Usaha, harufu, homa, wekundu au ngozi kukoza rangi na kupata moto kuzidi kusambaa, mstari unaopanda kuelekea kwapani: maambukizi. Na kidole kilichovimba chote, kimejikunja kidogo, na ukikinyoosha unaruka kwa maumivu, usikiite jipu. Usaha ndani ya ala ya kano huweza kuiua kano ndani ya muda mfupi sana.

Kidole kilichokuwa kinakunja jana na leo hakikunji, kama changu, kirudishwe hospitali siku hiyo au kesho yake. Kano iliyokatika tena hushoneka vizuri ndani ya siku chache. Ikikaa wiki kadhaa hujivuta na kujificha, na upasuaji unakuwa mwingine kabisa.

Kidonda na hogo katika joto letu

Nyuzi za mkononi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka hapo kidonda kiwe kikavu. Asifungue bandeji kila anayekuja kuona. Ikilowa jasho au damu, nenda ikabadilishwe, na anayebadilisha anawe mikono kwa sabuni kwanza.

Mgeni wa kwanza atakayekuja kukupa pole atasema mkono ukandwe kwa maji ya moto. Wa pili atakuletea mtu hodari wa kuchua. Washukuru wote wawili, wakaribishe chai, na usikubali hata kimoja. Maji ya moto katika siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe, na kuchua kunaweza kukata kano au kusogeza mfupa ulionyooshwa. Na mtu asifungue kapsuli ya antibiotiki akumwagie unga wake kwenye kidonda. Unga ule unatengeneza gaga juu, chini kunachimba, na daktari anapokuja kukagua haoni kitu.

Kuoga. Zamani tungesema funga mfuko wa Rambo, lakini mifuko ile ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Tumia mfuko mkubwa wa mkate, miwili, mmoja juu ya mwingine, uifunge juu ya kiwiko kwa utepe wa gundi. Halafu hata ukishafunga, mkono uwe juu na nje, mwenzako akumwagie maji kwa kopo. Hogo likilowa hulainika na kuoza harufu ndani. Halianikwi juani, linabadilishwa hospitali.

Januari mpaka Machi, jasho la Dar chini ya hogo huwasha mpaka mtu analia. Najua mkono wako utaelekea wapi: njiti ya chelewa. Usiiingize. Wala mpini wa kijiko, wala sindano ya kufumia. Ngozi chini ya hogo imelainika, mkwaruzo mdogo unageuka kidonda ambacho hakuna anayekiona. Kaa mbele ya feni, gongagonga hogo kwa nje, na umeme ukikatika keti barazani penye upepo.

Waya za mfupa zilizojitokeza nje ya ngozi hukaa takriban wiki tatu hadi sita. Zisishikwe, zisizungushwe. Zikianza kutoa usaha au kulegea, rudi.

Kalenda ya mwili

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtaalamu wa mazoezi alinieleza kwa lugha yangu baada ya upasuaji wa pili. "Mama, wewe fundi. Ukishona kitambaa, uzi ndio unaoshika. Sisi tumekushona kwa uzi, lakini uzi ule ni wa kupitisha muda tu, mpaka nyama yako yenyewe ishike. Na katikati hapo, kabla nyama haijashika, ncha za kano zinalainika. Uzi unazidi kuwa peke yake."

Kulainika huko ni wiki ya kwanza hadi ya tatu hivi, wakati uleule maumivu yanapoisha na nyuzi za ngozi zinapotolewa. Ngozi imepona, wewe unaona umepona, na ndani ndiyo siku za udhaifu kuliko zote.

Kwa kano za upande wa kiganja, zinazokunja, splinti hukaa nyuma ya mkono, vidole vikiwa vimeinama kidogo, usiku na mchana kwa wiki sita hivi. Ukilala ndiyo hasa uivae, kwa sababu usingizini mtu hukunja ngumi kwa nguvu bila kujijua. Mazoezi hufanywa ndani yake, kila saa au kadiri ulivyofundishwa: ule mkono mzuri unakunja vidole polepole, kisha unavinyoosha mpaka viguse splinti, basi. Usivivute kunyooka zaidi, usishike kitu, hata simu. Wiki ya sita hadi ya nane unaanza kazi nyepesi: kushika kikombe kisicho cha moto, kufunga vifungo. Ndoo ya maji, kusukuma mlango mzito, kukamua nguo, kubeba mtoto kwa mkono huo: baada ya wiki 12.

Kano za mgongo wa mkono, zinazonyoosha, mara nyingi huwa na splinti wiki nne hadi sita. Ile ya ncha ya kidole iliyoinama ina sharti gumu: ncha inyooshwe wiki sita hadi nane bila kuanguka hata mara moja. Ukibadilisha splinti, kidole kilale juu ya meza muda wote. Kikianguka, unaanza kuhesabu upya. Inaonekana ukali usio na maana kwa kidole kidogo hivyo, lakini ndivyo kinavyopona.

Mfupa ukianza kushika, wiki ya tatu hadi ya sita, unaruhusiwa kusogeza viungo vya jirani kidogokidogo kwa kauli ya daktari na eksirei.

Aliyefunguliwa neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono ana njia fupi. Vidole visogezwe siku ileile, kazi nyepesi baada ya siku chache. Asishangae kiganja kikiuma pembeni mwa kovu akiegemea mkono, hata kwa miezi mitatu, wala nguvu za kushika zikikawia kurudi.

Neva iliyokatika ikashonwa huota takriban milimita 1 kwa siku. Chukua rula upime kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole: milimita 150 ni kama miezi mitano. Ukigonga kidogo kwenye njia ya neva na mtekenyo kama umeme ukasikika mbele zaidi kuliko mwezi uliopita, inatembea. Mpaka ifike, macho yako ndiyo yatakayohisi. Mimi niliunguzwa na mpini wa sufuria ya uji, nikajua kwa harufu.

Mazoezi matano ya mkono uliofunguliwa

Haya ni ya mkono ambao daktari ameruhusu usogezwe bila splinti. Kila umbo lishike kwa sekunde tatu hadi tano, rudia mara tano hadi kumi, mara nne au tano kwa siku. Asubuhi mkono ni mgumu; ukiruhusiwa maji na kidonda kimefunga kabisa, loweka dakika tano kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, uliyoyapima kwa ule mkono mzuri. Hapo sasa maji yale waliyokushauri wageni yana faida.

Anza na mkono wa kusimamisha daladala: vidole vyote vimenyooka, vimesimama. Kisha ndoano: fundo za chini, pale vidole vinapoanzia kiganjani, zibaki zimenyooka, vidole vijikunje juu yake kama vinaning'iniza mpini wa ndoo. Kisha ngumi kamili. Nyoosha tena, ufanye paa: fundo za chini zikunje, vidole vinyooke mbele kama bati la nyumba. Mwisho ngumi bapa, ncha zikiwa zimenyooka zinagusa upande wa chini wa kiganja. Kila umbo linavuta kano kwa urefu tofauti, na kano mbili za kidole kimoja hupishana badala ya kushikana. Ngumi peke yake, ambayo ndiyo kila mtu anafanya, haitoshi.

Kidole kinachokataa kukunja ncha, kishike kwa ule mkono mzuri chini kidogo ya kiungo hicho, kizuie kisikwepe, kisha kunja ncha peke yake. Utaona inatikisika kidogo tu siku za mwanzo. Kutikisika huko ndiko unakokitafuta.

Kuvutika kunaruhusiwa. Maumivu yanayobaki zaidi ya saa nzima, au mkono unaoamka umevimba kuliko jana, unasema ulizidisha. Punguza nusu, usiache.

Wiki za nguvu zikifika, jiko ndilo chumba cha mazoezi. Kuchambua mchele punje kwa punje. Kuokota sarafu mezani na kuzitumbukiza kopo moja moja. Kumenya njugu zilizochemshwa. Kukanda unga wa chapati kidogo, halafu mwingi. Mpira wa kubonyeza watu huununua wiki ya kwanza. Ungoje, maana kushika kwa nguvu ndiko kunakokata kano changa.

Kovu

Nyuzi zikishatoka na kidonda hakina gaga wala tundu, kovu linaanza kukandwa. Paka mafuta ya nazi au vaselini, kidole gumba kibonyeze mpaka ukucha wake ubadilike rangi, zungusha polepole, vuta ngozi pande zote nne. Dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Lengo ni ngozi isishikane na kano iliyo chini yake. Kama ukikunja kidole kovu linaingia ndani kama kifungo kilichovutwa na uzi, bado limeshikana, endelea. Kovu hukomaa taratibu, mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na muda huo likingwe na jua kali.

Wengi wetu tuna asili ya makovu yanayoota. Kama masikio yako yaliota vinundu baada ya kutogwa, au mama yako anayo, mwambie daktari mapema, kabla kovu halijaanza kupanda. Kuna sindano na plasta za silikoni zinazosaidia, na husaidia zaidi mwanzoni.

Kovu linaloruka kila likiguswa lizoeshwe: pamba, kisha kanga iliyofuliwa sana, kisha taulo, kisha mkono mzima uzame kwenye bakuli la mchele mkavu. Dakika chache kila moja. Na ubaridi utakusumbua muda mrefu, chupa ya soda ya barafu au ofisi ya kiyoyozi kule Posta. Soksi ya mtoto iliyokatwa ncha ilinifaa kuliko glovu.

Maumivu ya kuungua yasiyolingana na kidonda, mkono unang'aa, unatoka jasho peke yake, hata shuka likigusa ni mateso: hayo yapelekwe kliniki mapema. Ni ugonjwa wa maumivu unaojulikana, hutibika vizuri ukianza kushughulikiwa upesi, na mtu asikwambie unadeka.

Nyumbani na barabarani

Kama mkono wa kulia ndio uliopasuliwa, ugali utaliwa kwa kijiko na utampokea mtu pesa kwa kushoto. Sema tu "samahani, mkono unaumwa". Hakuna mzee atakayekulaumu. Watu wa swala, udhu una ruhusa yake: sehemu iliyofungwa hupanguswa juu ya bandeji au hogo. Muulize sheikh wako kwa hali yako.

Salamu za kushikana mikono zikataliwe kwa tabasamu, mkono kifuani. Watu wetu wanapenda kushika panapouma.

Daladala: kaa dirishani, upande ambao mkono mbovu uko ukutani, siyo njiani ambako abiria wanapita na mizigo. Usisimame, dereva akishika breki, mkono huo utakimbilia bomba kabla hujaufikiria. Pikipiki acha kabisa, maana anayeanguka hujikinga kwa mikono. Nenda kliniki kati ya saa nne na saa nane mchana kama unaweza kuchagua.

Chakula ni cha kawaida: dagaa, mayai, maharage, maziwa, na tunda la kila siku, pera au chungwa au ubuyu.

Kazi na stahili zako

Mwajiriwa asirudi kazini wiki ya pili kwa hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo karatasi ya ED, ile ya daktari ya kukupumzisha kazi, usiipoteze. Ukiwa uliumia kazini, kwenye randa, grainda au mashine ya kiwanda, taarifa ifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kupitia mwajiri wako. Usikawie, na tunza picha, tarehe na majina ya walioona.

Sisi wa kujiajiri hatuna siku 126. Nilimwita binti wa dada yangu ashone nyuzi zilizonyooka, mimi nikakata vitambaa kwa mkono mmoja na kupokea wateja. Mapato yalishuka. Lakini nilishajua gharama ya kurudi wiki ya tatu.

Tepu ya Ijumaa

Kila Ijumaa jioni, kabla ya mazoezi, kunja vidole kadiri viwezavyo, kisha pima kwa tepu ya fundi umbali kutoka ncha ya kila kidole mpaka kwenye mstari wa kiganja ulio karibu na vidole. Andika kwenye daftari. Usipime kila siku, utakata tamaa. Kidole changu cha pete kilianza na sentimita 5 na nusu wiki ya saba baada ya upasuaji wa pili. Wiki ya kumi ilikuwa 4. Wiki ya kumi na sita, 2. Sasa ni 1, na sindano naishika.

Namba ikigoma kushuka Ijumaa tatu mfululizo, au ikianza kupanda, beba daftari uende kliniki hata kama tarehe yako haijafika, umwonyeshe mtaalamu ukurasa ule.